Tulichunga dola 30 za banki



Hii juma tunaongea juu ya feza. Wengi kati yenu mulituuliza ku mukutano: «Ile bonusi ya banki, mulipata ao hamukupata?» Tulikuwa tunajibu kifupi tu, «wengine walipata», kisha tunageuza mazungumuzo. Sababu ilikuwa haya. Leo tunaandika yote, pamoja na hesabu, kwa sababu matangazo kama yale yameanza tena kupita mu telefone na ku soko, na kuko wamama wenye wanauliza kama waende. Hatutaki kuwaambia muende ao musiende. Tunawaambia mambo yenye yalitufikia.

Sisi ni wamama 13 wa likelemba moja hapa Lubumbashi. Wengine tunaikala komine ya Kenya, wengine Katuba, wawili wanatoka Ruashi. Kati yetu kuko mwenye kuuza makala, kuko wenye kuuza unga na samaki wakavu, kuko fundi wa nguo, kuko mwalimu mumoja wa shule ya serikali, na kuko wenye bwana zao wanafanya kazi ku kampuni za madini. Kila mwezi kila mutu anatoa dola 10, na mumoja anakamata dola 130. Zaidi ya ile, tuko na kasha ya musaada: kila juma kila mutu anatia franka 2.000 juu ya magonjwa na kilio.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2024, banki moja ya hapa muji ilituma vijana ku soko. Walivaa tishati za rangi moja, walikuwa na karatasi zenye kungaa, na neno lao lilikuwa tamu: fungua konti ya akiba, timiza masharti, na banki itakurudishia dola 30. Ile wakati dola moja ilikuwa inabadilishwa karibu franka 2.800. Dola 30 ilikuwa basi franka 84.000. Kwa mama wa soko ile si feza ya kucheka. Ni viatu, mufuko na nguo za masomo za mutoto, na kitu kinabakia ku mukono.

Tuliongea juu yake ku mukutano mbili. Mama mukubwa wa likelemba yetu alikataa palepale. Yeye anakumbuka mwaka wa 1993, wakati serikali iligeuza feza na zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mupya moja. Alikuwa na akiba ya miaka mingi. Alituambia: «Feza yangu haitalala tena mu nyumba ya mutu mwingine.» Tulimuheshimu, lakini ndani ya roho tulisema, mama amezeeka, anaogopa.

Tulienda ku banki watu 12. Mumoja alirudishwa ku dirisha kwa sababu ya herufi moja: jina lake ku kadi ya uchaguzi haikufanana na jina lenye alikuwa ameandikisha laini ya telefone yake. Mwingine alifungua, lakini ilibidi arudi kesho yake, juu noti moja ya dola 20 ilikuwa na mupasuko mudogo ku kando, na munajua wenyewe namna noti kama ile inakataliwa hapa kwetu. Hakuna mwenye aliulizwa karatasi ya bwana. Tunasema ile kwa sababu kuko wamama wenye bado wanafikiri ni lazima. Zamani, kwa sheria ya familia ya 1987, muke mwenye kuolewa alikuwa anahitaji ruhusa ya bwana yake kwa mambo kama yale. Mwaka wa 2016 sheria iligeuzwa, na ile ruhusa iliondolewa.

Kwa hiyo tulikuwa 11 wenye kufungua konti. Tulitia sinyatire, tukapiga foto mbele ya mulango wa banki, tukarudia ku basi tukiimba.

Sasa musikie masharti. Yote yalikuwa ku karatasi, kwa Kifaransa, upande wa nyuma, na herufi ndogo. Hatuwezi kusema banki ilitudanganya. Kati yetu watu watatu tu wanasoma Kifaransa bila shida, na ile siku hata wale watatu hawakugeuza karatasi.

La kwanza: kufungua konti mu mwezi wa 3 na kuweka dola 100 ao zaidi mara moja. La pili: kuongeza dola 20 kila mwezi, kuanzia mwezi wa 4 mpaka mwezi wa 8, mbele mwezi uishe. La tatu: kutotosha hata dola moja ku ile akiba. La ine: kulipa na kadi ya banki mara tatu, kila mara dola 10 ao zaidi. La tano: konti ikuwe hai na akiba ikuwe nzima mpaka siku ya 30 ya mwezi wa 9, siku yenye bonusi inaingia.

Munaona lile la ine? Sisi hatukuliona. Kama huwezi kutosha kitu ku akiba, utalipa namna gani na kadi? Jibu ni kwamba kadi haiendi na konti ya akiba. Inaenda na konti ingine, ile ya kila siku, na banki ilitufungulia ile konti ya pili siku ileile. Konti ya akiba ilikuwa ya bure. Konti ya pili ilikuwa inakatwa dola 1 na senti 50 kila mwezi, na kadi yenyewe ilikuwa dola 5. Zile bei hazikuwa ku karatasi ya bonusi. Zilikuwa zimebandikwa ku ukuta, ndani ya banki, mahali penye watu wanangojea. Tulikaa mbele yake saa mbili nzima na hatukuzisoma.

Tufanye ile hesabu yenye tulipaswa kufanya mbele. Dola 1 na senti 50 mara miezi 7, kuanzia mwezi wa 3 mpaka wa 9, ni dola 10 na senti 50. Ongeza dola 5 za kadi, inakuwa dola 15 na senti 50. Basi kwenda na kurudi ilikuwa franka 2.000. Tulienda mara 8: kufungua, kukamata kadi, kuweka mara tano, na mara ya mwisho kuuliza kama bonusi imeingia. Ile ni franka 16.000, karibu dola 5 na senti 70. Jumla dola 21 na senti 20. Kwa mwenye alitimiza yote bila kosa, zile dola 30 zilikuwa kwa kweli dola 8 na senti 80. Na hapo hatujahesabu zile asubuhi nane zenye meza ya soko ilibaki bila mutu.

Tena kulikuwa jambo la kulipa na kadi. Ku soko yetu hakuna mwenye kuwa na mashine ya kadi. Ilibidi kwenda ku maduka makubwa ya muji, kule sukari na mafuta ya kupikia viko na bei ingine. Fundi wetu wa nguo alisema: «Nimelipa sabuni kama mutu mwenye kuikala Golf.» Tulicheka, lakini kila mumoja alikuwa anajua kama anasema kweli.

Miezi ya kwanza ilienda vizuri. Tulikuwa tunakumbushana. Kila mwezi, ku likelemba, mwalimu alikuwa anasoma majina, na kila mutu anaonyesha karatasi yake ya banki. Tulifurahi kwa kweli. Kuko kati yetu wenye hawakuwa wameona hata siku moja feza yao ikikaa mahali miezi mitatu bila kuguswa.

Kisha maanguko yakaanza, na kila mutu alianguka kwa njia yake.

Mwezi wa 6, siku ya mwisho ilikuwa tarehe 30. Ilikuwa Siku ya Yenga, na tena sikukuu ya uhuru. Mwenzetu wa Ruashi alikuwa amepanga kuweka siku ile, kwa sababu feza ya samaki wake ilikuwa inarudi Siku ya Posho mangaribi. Alikuta mulango umefungwa. Aliweka tarehe 1 ya mwezi wa 7, asubuhi sana, mutu wa kwanza ku dirisha. Alikuwa amechelewa.

Mwingine alituma dola 20 za mwezi wa 8 kwa telefone, Siku ya Posho tarehe 31. Telefone ilimujibu kama feza imefika. Lakini mu kitabu cha banki iliandikwa Siku ya Kwanza, tarehe 2 ya mwezi wa 9. Yeye alikuwa na ujumbe wa telefone, banki ilikuwa na kitabu chake. Kitabu njo kilishinda.

Wawili walitumia kadi mara tatu, lakini ku mashine ya ukutani, yenye kutosha noti. Kwao ile ilikuwa kutumia kadi. Kwa banki ilikuwa kutosha feza, si kulipa.

Mumoja alianguka siku ya kwanza na hakujua mpaka mwisho. Alikuwa amepeleka franka 280.000, kwa sababu ku kambisti wa barabarani franka 2.800 ilikuwa dola moja. Banki ile siku ilikuwa inahesabu franka 2.850. Ku konti yake iliingia dola 98 na senti 24. Alipungukiwa dola 1 na senti 76. Miezi saba aliweka, alingojea, alipanda basi, na tangu mwanzo bonusi haikuwa yake.

Na mumoja alihesabu miezi sita, mwezi wa 3 mpaka wa 8, akaona kazi imekwisha. Siku yenye masomo ilianza, tarehe 2 ya mwezi wa 9, alitosha feza yote. Shule ya musingi ya serikali ni ya bure tangu mwaka wa 2019, lakini yeye alikuwa na watoto wawili wa sekondari. Hakuwa amesoma lile sharti la tano. Alibakia na siku 28 kufikia bonusi.

Wale ni sita. Wa saba ni mwenzetu wa makala, na yeye hakuanguka kwa kosa lake. Hapo njo tulikuwa hatutaki kuandika.

Mwezi wa 7, kijana wake wa miaka 9 alipatwa na homa ya tumbo. Siku ya ine usiku tumbo ikakuwa ngumu kama ubao. Siku ya Tano asubuhi hospitali ilisema ni tifoide, utumbo umetoboka, ni lazima kumupasua haraka, na kwanza wanaomba dola 150. Munajua namna inakuwa. Bila feza ya kuanzia, chumba cha kupasulia hakifunguliwe.

Mama alikuwa na dola 160 ku akiba yake: 100 za mwanzo, na 20 za miezi mitatu. Saa ile alikuwa tayari na feza ya basi ku mukono ili aende ku banki. Alitupigia telefone tu ili mutu aje kukaa na mutoto wakati yeye anaenda.

Sisi njo tulimuambia: ngojea.

Tulimuambia ngojea kidogo, usivunje akiba, utapoteza dola 30, tumebakiza mwezi moja na kitu. Kasha ya musaada iko na dola 90. Tutatafuta 60. Ilikuwa tamaa yetu na tena ilikuwa mapendo, vyote viwili vilikuwa vimechanganyika, na hatukuweza kuvitenganisha. Tulikuwa tumezoea kusoma majina kila mwezi. Hatukutaka jina lake litoke ku karatasi.

Tulitembea mchana ule wote. Mumoja alienda kwa shemeji, mwingine kwa muchungaji, mwingine kwa mwenye duka wenye alikuwa na deni lake. Saa za banki zikapita. Mangaribi tulikuwa na dola 115. Usiku ule mutoto alilala na seromu, anaita maji, na wamekataza kumupa maji. Mama alikaa chini ku sima, kichwa chake ku kitanda.

Siku ya Posho asubuhi tulikuwa na dola 125. Tulikuwa tumesimama ku kiwanja cha hospitali tunahesabu nani bado hatujamuuliza, wakati mama mukubwa alifika, yule wa 1993. Aliuliza:

«Huyu mama hana feza?»

Tukamujibu: «Iko, mama, lakini iko ku banki. Akiitosha anapoteza bonusi.»

Alituangalia mumoja mumoja. Kisha aliuliza: «Munachunga feza ya nani?»

Hakuna mwenye alijibu. Ile bonusi haikuwa feza ya mwenzetu, juu ilikuwa bado mukononi mwa banki. Haikuwa yetu. Haikuwa ya mutu hata mumoja. Tulikuwa tunaichunga kama mali, na mali ya kweli, yenye ilitoka ku makala yake, ilikuwa imefungwa, na mutoto amelala kule ndani.

Siku ya Posho banki inafunga saa sita. Watu wawili walimusindikiza na pikipiki. Alitosha dola 100, kwa sababu kisha kupasuliwa kuko tena dawa. Walimupasua mutoto ile siku nyuma ya saa nane. Munganga, wakati alitoka, alituuliza bila kukasirika: «Kwa nini leo? Jana ilikuwa afazali sana.» Tuliangalia viatu vyetu.

Mutoto yuko. Tumushukuru Mungu. Alikaa ku hospitali juma tatu na nusu, aliondoka na kovu ndefu ku tumbo na miguu myembamba kama ya kuku, na leo anakimbia na wenzake na anakula bukari kuliko dada zake. Lakini kile kidonda kilikaa wazi siku nyingi, na munganga alisema kama kuchelewa kuliongeza kazi. Siku moja tulimuuliza mama yake kwa nini alitusikiliza. Alijibu: «Nilifikiri mutaniona mujinga, mutu wa kupoteza dola 30.»

Ile jibu tuko nayo mpaka leo.

Mwezi wa 10 tulienda ku banki kuangalia. Kati ya watu 11, wane walipata dola 30. Tulitaka kujua ni kwa nini wale, na jibu si bidii. Mumoja ni mwalimu, na tangu miaka mingi mushahara wake unapitia ku banki. Wawili bwana zao wanalipwa kila mwezi ku kampuni. Wa ine anapangisha nyumba mbili. Wote wane wako na feza yenye kuingia siku yenye kujulikana. Yale masharti yalishonwa kwa kipimo cha mutu kama ule. Mama wa soko anapata leo, kesho hapati, kesho kutwa mutoto anagonjwa. Alivaa nguo ya mutu mwingine, ndiyo maana ilipasuka.

Tulifanya pia hesabu ya likelemba nzima. Banki ilitupa dola 30 mara 4, ni dola 120. Sisi tuliipa banki, kwa kadi na kwa konti ya pili, dola 15 na senti 50 mara 11, ni dola 170 na senti 50. Hata konti za wale wenye walikuwa wameanguka ziliendelea kukatwa, na pale konti ilikuwa bila kitu, deni lilikuwa linangojea. Kwa hiyo, tukiwa pamoja, sisi wamama tuliilipa banki dola 50 na senti 50 ili itupe bonusi.

Lakini tuseme pia upande wa pili, ili tusikuwe watu wa kulalamika tu. Wenye hawakutosha kitu walikuta dola 200 zao ziko. Wengi wao, bila ile haraka ya kila mwezi, hawangeweka hata 50. Mwenye alituma kwa telefone na kuchelewa alikosa bonusi, lakini kwa dola 200 zake alilipa cherehani ya pili. Konti ya akiba ni kitu kizuri, na tumeibakiza. Tulichofunga ni ile konti ya pili, na kadi tumezirudisha. Kabla ya kufunga, kila mutu aliomba karatasi yenye kuonyesha kama hakuna deni, na kashe ya banki juu yake. Na ninyi muombe hivyohivyo.

Kama mumoja wenu anataka kuingia mu mambo kama haya, aende na haya maulizo, na asitie sinyatire mbele ajibiwe yote:

1. Masharti yanaisha siku gani, na bonusi inaingia siku gani? Kati ya zile siku mbili, ninakatazwa nini?
2. Nikileta franka, munahesabu dola kwa bei gani leo? Bora kuleta kidogo zaidi kuliko kupungukiwa senti.
3. Munanifungulia konti ngapi? Kila moja inakatwa kiasi gani kwa mwezi? Kadi ni bei gani? Kufunga ni bei gani?
4. «Kutumia kadi» ni kulipa mu duka, ao hata kutosha noti ku mashine?
5. Nikituma kwa telefone, munahesabu siku yenye nilituma ao siku yenye imeingia? Siku ya mwisho ikikuwa Yenga ao sikukuu, inakuwa namna gani? Mwenye akili anaweka juma moja mbele.
6. Nikigonjwa na nikitosha dola 10 tu, ninapoteza yote ao sehemu?

Na kuko ulizo moja la kujiuliza mwenyewe, ku nyumba, mbele ya kupanda basi: katika miezi sita yenye imepita, kuko mwezi hata moja wenye singegusa ile feza? Kama miezi yote uligusa, ile bonusi haikutengenezwa kwa ajili yako. Weka akiba yako, lakini weka bila kufukuza bonusi.

Ku likelemba yetu hakuna bonusi. Mutu anatoa 130, anakamata 130. Lakini mutoto akigonjwa, zamu inabadilishwa mu dakika tano, na hakuna mwenye anapoteza kitu. Tulikuwa nayo miaka mingi na hatukuiona kuwa mali.

Tangu ule mwezi wa 7 tumetia sheria mupya, na imeandikwa ku ukurasa wa kwanza wa daftari yetu. Mutoto ao mutu mukubwa akilazwa, feza inatoka kwanza, mukutano unakuja nyuma. Mwenye kuchunga kasha haombi ruhusa kwa mutu. Na kama mugonjwa iko na feza yake ku banki, mumoja wetu anamusindikiza kuitosha siku ileile, na hakuna mwenye atasema neno juu ya masharti. Mama mukubwa aliomba aandike yeye mwenyewe ile sheria. Mukono wake unatetemeka, lakini inasomeka.

Siku ya Posho yenye kuja, kisha soko, tutakutana kwa fundi wa nguo, Katuba. Wenye kuwa na karatasi za banki wazilete, hata zile zenye mulitia sinyatire zamani. Mwalimu atazisoma kwa Kiswahili, upande wa mbele na upande wa nyuma. Mulete na miwani.